Zanzibar: wageni wa kompyuta wanalipa kwa dola, wenyeji wanahamia ngambo ya barabara

Paje ni kijiji cha pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, Zanzibar. Zamani kilijulikana kwa mambo mawili: samaki na mwani, yale majani ya bahari ambayo akina mama wanalima kwa kufunga mbegu kwenye kamba na vijiti wakati maji yanapokupwa. Leo ukitafuta Paje kwenye simu, unakutana kwanza na nyumba za kulipia kwa mwezi, mikahawa yenye intaneti ya kasi, shule za kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara kubwa, na vyumba vya kazi ambamo vijana kutoka Ulaya na Amerika wanafungua kompyuta asubuhi wakiwa wamevaa kaptula.

Watu hao hawakuja kwa likizo ya wiki moja. Wanafanya kazi. Mmoja anaandika programu, mwingine anachora matangazo, mwingine anafundisha lugha kwa video ao anapanga hesabu za kampuni iliyo Berlin ao Warsaw. Mshahara unatoka kule, wao wanakaa huku miezi miwili, mitatu, hata mwaka. Wanaitwa wahamaji wa kidijitali. Tuwaite tu wageni wa kompyuta, inaeleweka vizuri.

Msomaji wa Goma, Bukavu, Uvira ao Kalemie anaweza kuuliza: hiyo inatuhusu nini? Inatuhusu juu ya kitu kimoja ambacho hapa kila mpangaji anakijua: siku ambayo mwenye nyumba anasema kwamba kuanzia mwezi ujao nyumba ni ya dola, na kwamba kuna mtu mwingine tayari ameuliza.

Visiwa vilianza kushindana

Mwaka 2020, korona ilipofunga biro za dunia, kampuni nyingi ziliona kwamba kazi inaweza kuendelea hata kama mfanyakazi yuko mbali. Wakati huohuo visiwa vinavyoishi kwa watalii vilibaki bila watalii. Basi vikaanza kutafuta hao wapya. Barbados ilifungua mlango Julai 2020: mtu akionyesha mapato ya dola 50,000 kwa mwaka anakaa miezi kumi na miwili. Morisi ilifuata mwaka huohuo na viza ya bure ya mwaka mmoja, kwa mwenye kupata angalau dola 1,500 kwa mwezi. Cabo Verde nayo ikaingia mwezi wa Desemba. Katika kisiwa cha Madeira, Ureno, Februari 2021 mji mdogo wa Ponta do Sol ulitoa meza na intaneti ya bure ndani ya nyumba yake ya utamaduni, na wageni wakajaa.

Zanzibar haikuhitaji kutangaza sana. Tanzania haikufunga inchi kama wengine. Juni 2020 watalii walikuwa wameruhusiwa kurudi kisiwani. Warusi, Waukraine, Wapolandi na wengine waliokuwa wamechoka kufungiwa nyumbani wakaja. Wengi waliingia kwa viza ya kawaida ya utalii, ile ya siku 90 ambayo kwa watu wa inchi nyingi inalipiwa dola 50. Waliokuja kukimbia korona wengine wakarudi kwao, wengine wakabaki, na waliorudi wakapeleka habari.

Tuangalie sasa pesa, maana hapo ndipo kila kitu kinaanza. Kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi ya Zanzibar kilipandishwa mwaka 2024 hadi shilingi 347,000 kwa mwezi. Ni kama dola 130 ao 140. Mtu wa dola 1,500, yaani yule wa chini kabisa anayekubaliwa na Morisi, anapata zaidi ya mara kumi ya mfanyakazi huyo. Na yule wa Barbados anapata mara thelathini. Hakuna haja ya nia mbaya. Hao wawili wakitafuta nyumba katika kijiji kimoja, jibu linajulikana mbele ya mazungumzo kuanza.

Hapa kuna tofauti moja ambayo watu wengi hawaioni. Mtalii wa kawaida analala hotelini. Hoteli inaweza kuwa na shida zake, lakini haimwondoi mwalimu kitandani mwake. Mgeni wa kompyuta yeye hataki hoteli, ni ghali kwa miezi mitatu. Anataka nyumba: chumba, jiko, maji, mahali pa kuweka meza. Kumbe ni nyumba ileile ambayo inatafutwa na muuguzi wa zahanati, dereva wa daladala, kijana aliyeoa juzi. Anaingia katika soko moja na wao.

Tuchukue mfano wa kufikiri tu. Mwenyeji ana nyumba ya vyumba viwili. Mwalimu anaweza kumpa dola 40 kwa mwezi, mwaka mzima, inafanya 480. Mgeni anaweza kumpa 400. Hata kama mgeni anakaa miezi sita na miezi mingine sita nyumba iko tupu, mwenyeji anapata 2,400. Nyumba tupu inamzalishia mara tano kuliko nyumba yenye mwalimu. Nani atamlaumu? Ana watoto wa kusomesha, ana mama mgonjwa. Ila nyumba kumi zikifanya vile, walimu kumi wanatafuta fasi mbali na shule.

Ardhi ni ya serikali, lakini inauzwa

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa mali ya serikali. Mwananchi ana haki ya kuitumia, mgeni anakodisha kwa mkataba wa miaka mingi. Kwa karatasi, mgeni hawezi kununua pwani. Katika vijiji, hata hivyo, kuna desturi ya zamani kwamba miti ina mwenyewe hata kama udongo si wake. Mtu anauza minazi yake, anauza nyumba yake, na udongo unafuata nyuma bila kutajwa. Ndivyo parsele nyingi za pwani zilivyopita mkononi mwa mtu mmoja hadi mwingine.

Halafu sheria yenyewe ikafunguka kidogo kidogo. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu mgeni kumiliki nyumba ndani ya jengo la ghorofa. Leo mgeni akinunua nyumba ya dola 100,000 na zaidi katika mradi uliokubaliwa na mamlaka ya uwekezaji, anaweza kupata kibali cha kukaa yeye na familia yake. Kusini-magharibi ya kisiwa, upande wa Fumba, mji mzima mpya umejengwa kwa wanunuzi wa namna hiyo, pamoja na Watanzania wenye uwezo. Serikali inasema miradi hiyo inaleta kazi na kodi. Ni kweli inaleta. Utalii ni zaidi ya robo ya uchumi wa Zanzibar, na visiwa vyenye watu 1,889,773 kwa hesabu ya mwaka 2022 havina mgodi wa koltani wala wa dhahabu. Karafuu peke yake haiwezi kulisha wote.

Lakini tazama ramani ya vijiji kama Paje na Jambiani. Kuna bahari, kuna mchanga, kuna nyumba za kijiji, kuna barabara ya lami, na nyuma ya barabara kuna ardhi ya mawe ya matumbawe ambayo hata mihogo inaota kwa shida. Familia inayouza parsele ya pwani inajenga ngambo ya barabara. Inapata nyumba ya matofali, pengine na pikipiki. Miaka inapita, pesa zimekwisha, watoto wamekua na hakuna kipande cha kuwagawia. Ile parsele iliyouzwa imeuzwa tena mara mbili, kila mara kwa bei ya juu, na faida ya mauzo hayo ya pili haikugusa kijiji.

Watetezi wa mauzo wanasema hakuna aliyelazimishwa. Ni hoja inayoeleweka, lakini nusu. Mtu akiwa na ndugu hospitalini na mnunuzi ana dola mkononi, mazungumzo hayo si ya watu wawili walio sawa.

Maji ya kunywa na maji ya bahari

Mwaka 2012, shirika la Uingereza lililoitwa Tourism Concern lilitoa ripoti juu ya maji katika vijiji vya kitalii vya Zanzibar. Kaya moja ya wenyeji ilikuwa inatumia kama lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ndogo ya wageni, lita 686. Chumba cha hoteli ya nyota tano, zaidi ya lita 3,000. Hesabu hizo ni za mbele ya wageni wa kompyuta, lakini namna ya kuishi ni ileile: bafu ya ndani, bustani ya kumwagilia, bwawa la kuogelea mita mia moja kutoka baharini. Mwenye pesa anachimba kisima kirefu na kuweka pampu. Karibu na bahari, pampu zikivuta sana, maji ya chumvi yanaingia chini ya ardhi na kisima cha jirani kinaharibika. Mwanamke wa kijiji hapigi hesabu ya lita, yeye anapiga hesabu ya safari za ndoo.

Na mwani? Kilimo hicho kilianza kama biashara mwishoni mwa miaka ya 1980, Paje na Jambiani zikiwa za kwanza. Kilikuwa kitu kikubwa kwa akina mama: kwa mara ya kwanza wengi wao walikuwa na pesa isiyopitia kwa bwana. Wamekuwa zaidi ya wakulima 20,000 katika visiwa vyote, wengi sana wakiwa wanawake. Mwani umepata pigo la kwanza kutoka kwa hali ya hewa, kwa maana maji ya ufukoni yamepata joto na ile aina yenye bei nzuri inakufa. Pigo la pili ni nafasi. Anayeteleza kwa tiara anataka maji mafupi, yasiyo na mawimbi, yenye upepo. Mama wa mwani anataka maji hayohayo. Vijiti vyake vinamuumiza mchezaji, kamba za mchezaji zinamtisha mama. Hakuna mkutano wa kijiji ambamo dola ya mwani, inayolipwa kwa kilo kavu, inaweza kushindana na dola ya mchezo inayolipwa kwa saa.

Haifai kuchora picha ya giza tupu. Kuna vijana wa Paje wanaofundisha mchezo huo sasa na wanalipwa vizuri. Kuna akina mama waliogeuza mwani kuwa sabuni na mafuta ya ngozi, wakauza kwa wageni haohao kwa bei ambayo mnunuzi wa magunia hakuwahi kuitoa. Mgeni anayekaa miezi mitatu ananunua nyanya kwenye genge la jirani, ana fundi wake wa pikipiki, anajifunza Kiswahili kidogo. Yule wa hoteli ya kulipa yote Ulaya hanunui hata ndizi. Upande huo mgeni wa kompyuta ni bora. Shida ni kwamba pesa ya nyanya ni ndogo na pesa ya nyumba ni kubwa, na mwenye genge ni mpangaji pia.

Tena kazi nzuri katika hoteli na mikahawa zinakamatwa mara nyingi na watu wa Tanzania Bara na Wakenya waliosoma utalii na Kiingereza. Kijana wa kijiji anabaki mlinzi ao mwosha vyombo. Hapo lawama inarudi kwa shule, si kwa mgeni.

Sheria inamwona muuza simu, haimwoni mwenye kompyuta

Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kukataza wageni kufanya biashara 15 ndogo: kutuma na kutoa pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii na nyingine. Wakongomani wanaofanya biashara ndogo Tanzania waliisoma amri hiyo kwa wasiwasi, na wana haki, maana wao ni rahisi kuonekana. Duka lina mlango, lina leseni, mkaguzi anaingia.

Mgeni wa kompyuta hana mlango. Hauzi kitu kisiwani, mteja wake yuko mbali, pesa yake inaingia benki ya kwao. Amri ya namna hiyo haimgusi. Viza ya utalii haimpi ruhusa ya kufanya kazi, lakini nani ataingia chumbani kuangalia kama anajibu barua ya mama yake ao ya bosi wake? Kodi ya mapato anailipa kwao, ao hailipi popote. Zanzibar inapata kwake pesa ya viza, bima ya dola 44 ambayo tangu Oktoba 2024 kila mgeni wa kutoka inje analazimika kuinunua, na kodi iliyo ndani ya bei za vitu. Barabara, maji, takataka na polisi wa mahali anapokaa vinalipiwa na wengine.

Bali, kisiwa cha Indonesia, kilipitia njia hiyo mapema. Mashamba ya mpunga ya upande wa Canggu yamegeuka nyumba za kupangisha, wakati mgeni kwa sheria hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja. Anakodisha kwa miaka 25 ao 30, ao anatumia jina la mwenyeji. Januari 2021 Mmarekani mmoja alifukuzwa huko baada ya kuandika mtandaoni kwamba maisha ni rahisi na kuuza kitabu cha kueleza wengine namna ya kuja. Watu wengi walishangilia. Lakini kufukuza mmoja hakukushusha bei ya nyumba hata moja. Indonesia yenyewe baadaye ilifungua viza ya watu haohao, kwa masharti ya mapato ya dola 60,000 kwa mwaka.

Katika Visiwa vya Kanari, Hispania, wenyeji waliingia barabarani. Tarehe 20 Aprili 2024 makumi ya maelfu waliandamana katika visiwa vyao vyote wakisema kisiwa kina mpaka wake. Wakaaji ni kama milioni 2.2, mwaka 2023 wageni kutoka inje ya Hispania peke yao walikaribia milioni 14. Wafanyakazi wa hoteli walieleza kwamba wengine wanalala ndani ya gari kwa kukosa nyumba. Na hao ni raia wa Ulaya, wenye kura na mahakama zinazofanya kazi.

Goma iliona hayo kwa njia ya jeep

Kwetu mgeni hakuja na kompyuta mgongoni, alikuja na jeep nyeupe. Tangu kikosi cha Umoja wa Mataifa kifike na mashirika ya kiutu yaongezeke, zaidi nyuma ya volkano ya Januari 2002, mitaa kama Himbi, Katindo na Les Volcans ilibadilika. Nyumba zikapewa ukuta mrefu, jenereta, na bei ya dola. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Karen Büscher na Koen Vlassenroot, waliandika mwaka 2010 jinsi uwepo wa mashirika ulivyogeuza mji: wafanyabiashara wenyeji walipata sana kwa kujenga na kupangisha, na watu wa kawaida wakasukumwa pembeni. Ziwa nalo likafungwa kipande kwa kipande na kuta za majumba na hoteli, hata mtoto mwenye bidoni anazunguka kutafuta njia ya kufika majini.

Sheria ya upangaji ya Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Mpangaji wa Goma ao wa Bukavu anayeitaja sheria hiyo mbele ya mwenye nyumba anajua jibu atakalopewa. Na vita vya 2025, benki zilizofungwa na mashirika yaliyopunguza watu vimeleta shida za aina nyingine ambazo zinahitaji habari yake.

Kinachostahili kuangaliwa mapema ni kisiwa cha Idjwi na vijiji vya ukingo wa Ziwa Kivu. Leo hakuna mgeni wa kompyuta huko: umeme ni wa kubahatisha, usalama ni wa kubahatisha, safari ni ya mtumbwi ao ya boti. Lakini kizuizi kimoja kimeanza kuanguka. Mei 2025 Kongo iliruhusu Starlink, intaneti ya setilaiti ambayo haingoji mnara wala waya. Siku amani ikirudi, mahali penye maji mazuri, hewa ya baridi na vilima vya kahawa patatafutwa, na si lazima na Wazungu. Wakongomani wanaoishi inje na wenye mali wa Kinshasa wanaweza kufanya kazi ileile ya kupandisha bei.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inafanana na ile ya Zanzibar kwa jambo la msingi: udongo ni wa Leta. Kibali cha kudumu kinapewa Mkongomani tu, mgeni anapata cha miaka 25 kinachoweza kurudiwa. Ila Idjwi, sehemu kubwa ya ardhi inashikwa kwa neno la mwami na la wazee, bila cheti cha serikali, na Wambuti walioondolewa msituni hawana hata neno hilo. Mwenye kuuza leo kipande kinachotazama ziwa anauza kwa bei ya shamba la mihogo, mbele ya mashahidi wawili na karatasi ya daftari. Mnunuzi anapeleka karatasi hiyo Bukavu na kurudi na cheti.